Kamati Isiyoomba Kibali

Nchi hii unaweza kuzuia mkutano wa kijiji, unaweza kuzuia semina, unaweza hata kuzuia wazee wanne wasikae barazani kuzungumza bei ya mbolea. Kamati ya harusi huiwezi. Hajazaliwa ofisa wa kuiuliza kamati ya harusi kibali chake kiko wapi. Mimi ninayesema haya nina duka la vitenge hapa Karatu, duka linaloishi kwa sare za harusi, na bado ilinichukua miezi kumi na minne kutambua kwamba dawa niliyokuwa naitafuta nilikuwa nimeikalia.

Naitwa Elieshi, wengi wananiita Mama Dennis. Ni Mmachame niliyeletwa huku na dereva wa watalii anayeitwa Melkizedek. Tumeishi pamoja miaka ishirini na sita, tumezaa, tumejenga, tumefuga nguruwe na tumeacha kufuga nguruwe, na kila nilipomwambia twende kanisani tukabariki ndoa alinijibu, "Bado najipanga, Mama Dennis." Mtu aliyeweza kuwapanga Wajapani kumi na wawili siku tisa mbugani bila hata mmoja kupoteza kofia! Lakini hilo tuliweke kando kwanza.

Jambo lenyewe ni Antonia na Nalotuesha.

Antonia ni Mwiraqw, analima mahindi na maharage kwenye shamba linalopakana na hifadhi. Nalotuesha ni Mmasai wa upande wa Endulen, ndani ya hifadhi, ambako kulima hakuruhusiwi, kwa hiyo mahindi ni lazima yatoke kwa mtu mwingine. Kwa miaka kumi na moja hao wawili walikuwa wanabadilishana, maziwa yanashuka, mahindi yanapanda. Kwa ajili yao nikapata wazo la kikundi, tukakiita Jirani Mwema, wanawake thelathini na wawili kutoka kila upande. Kazi yetu ilikuwa kukimbia kuliko wanaume. Ng'ombe akiingia shambani, sisi tunafika kabla ya sime. Tumefanya hivyo mara tisa na hakuna gazeti lililoandika, maana ugomvi uliozuiwa hauna picha ya kupiga.

Mwezi wa sita mwaka huu ng'ombe kumi na mmoja wa Nalotuesha, wakifuata maji, waliingia kwa Antonia wakala ekari moja na nusu ya mahindi yaliyokuwa yanangoja kuvunwa. Antonia alipandwa na hasira, akawafungia uani siku nne kwa maji ya kubahatisha. Ng'ombe mmoja mwenye mimba akafa. Tangu siku hiyo wakawa hawasemeshani. Ukimtajia mmoja jina la mwenzake, anatema mate.

Hilo lingevumilika, ila vijana wao wakalidaka. Wakaanza kutumiana ujumbe kwenye simu: tukutane mnadani tarehe saba. Huo ndio mnada wa mifugo wa Karatu, na safari hii wangekuja na zaidi ya fimbo. Mimi vijana wale nawajua wa pande zote mbili, nusu yao nimewashonea mashati ya shule. Sikutaka nianze kuwashonea sanda, na nasema hivyo bila utani hata kidogo.

Kilichotakiwa kilikuwa kidogo tu. Wanawake sitini na wanne wakae chumba kimoja kabla ya tarehe saba, na hao wawili wakae katikati. Ukumbi, chakula, na Fuso mbili za kuwaleta wa Endulen na kuwarudisha kabla geti la hifadhi halijafungwa. Fedha ilikuwepo. Pale Arusha kuna binti anaitwa Winnie, anafanya kazi kwenye mfuko mmoja wa nje unaosaidia vikundi kama chetu, na fungu letu lilikuwa limelala kwake likitungoja. Lakini kikundi hakipokei hela ya nje bila idhini, na pande mbili hazikutani bila kibali, na vyote viwili viko kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja, maana hata kwenu ipo. Ofisini humo amekaa Bwana Silvanus.

"Mama Dennis," aliniambia siku hiyo, akiwa ameshika faili letu kwa vidole viwili. "Kinachonitatiza ni hili neno amani."

"Lina nini?"

"Nchi yetu ina amani. Sasa ninyi mkisema mnaitafuta, si mnadai kwamba haipo?"

"Hatuitafuti, Bwana Silvanus. Tunaitunza."

"Kinachotunzwa ni kile kinachoweza kuharibika." Akaegemea kiti kwa ushindi. "Kwa hiyo mnadai amani yetu inaweza kuharibika."

"Basi futa amani, andika ugomvi. Kikundi cha Wanawake cha Ugomvi."

"Hapo ndipo mmeharibu kabisa."

Nikamwuliza ombi letu la miezi kumi na minne limefikia wapi. Akasema liko ngazi ya juu, na akaonyesha juu kwa kalamu. Nikatazama. Kulikuwa na feni, nayo haizunguki.

Nilikuwa nimeshanyanyuka wakati alipofungua droo. Nikajua ni muhuri. Akatoa kadi ya maua yenye utepe wa dhahabu.

"Sasa tuache mambo ya kazi," alisema kwa sauti nyingine kabisa, sauti ya mtu wa nyumbani. "Mpwa wangu anaoa. Naomba mchango wako, mama. Singo ni mtu mmoja, dabo unakuja na mzee."

"Mzee wangu hapendi harusi," nilisema. "Niandike singo. Na kamati yenu inakaa wapi?"

"Kila Jumapili pale baa ya stendi. Tumeshafika watu arobaini."

"Mna kibali?"

Alinitazama kama vile nimemwuliza kama ana leseni ya kupiga chafya. "Kibali cha nini? Ni harusi."

Nilitoka na ile kadi mkononi, nikasimama katikati ya barabara ya lami nikicheka peke yangu mpaka gari la watalii likanipigia honi. Mzungu mmoja alinipiga picha. Ipo mahali fulani duniani picha ya mama mnene wa Karatu anayecheka kadi.

Jioni hiyo niliwaita wanawake sita dukani, Antonia akiwemo. Sita tu, maana usimwage mchele kwenye kuku wengi. Nikawaeleza. Tutaunda kamati ya harusi. Kamati itakaa bila kuulizwa, itachangiwa na yeyote bila kuulizwa, italeta wageni kwa Fuso bila kuulizwa. Walinisikiliza wametulia, kisha Antonia akauliza swali ambalo mimi kwa akili zangu zote sikuwa nimelifikiria.

"Harusi ya nani?"

Wote wakanitazama. Nikageuka nyuma kuona wanamtazama nani. Kulikuwa na sanamu la kuvalishia nguo tu.

"Wewe hujafunga, Mama Dennis," alisema Antonia.

"Nina miaka hamsini na moja!"

"Ndiyo. Umechelewa."

Nilikwenda nyumbani. Melkizedek tangu astaafu anashinda barazani na darubini yake ya kazini, zamani alitazama chui, sasa anatazama majirani. Nikamwambia habari yote, nikamalizia haraka haraka kwamba harusi yenyewe ni ya uongo, ni ya kufanikisha kikao tu.

"Ya uongo?" alisema bila kuishusha darubini. "No problem. Hata suti nitavaa."

Iliniuma. Miaka ishirini na sita ya kujipanga, kumbe ya uongo anaiweza papo hapo. Nilikwenda jikoni nikapika ugali mgumu kama kigae, akala wote, akasema asante.

Winnie kwenye simu alikuwa mgumu zaidi ya ugali. "Lakini mama, kwenye fomu yetu hakuna kipengele cha keki."

"Kuna vipengele gani?"

Nikasikia anafunua karatasi. "Kuna hiki, 'njia za jadi za jamii kukutana.'"

"Andika hapo."

Akaandika. Mfuko ukachangia kama rafiki wa familia, na mama mmoja wa huko Ulaya anayeusimamia, aliyeelezwa kila kitu na kukubali, alituma na salamu za pongezi kwa maharusi. Aliuliza pia kama bibi harusi anapenda kahawa ya huko kwao Ulaya. Nilimwona ni mtu mwenye adabu.

Siku ya tatu Bwana Silvanus akaingia dukani kwangu uso umekunjamana. Nikajua tumekamatwa. Nilikuwa na mkasi mkononi, nikauweka chini taratibu ili usije ukaongezwa kwenye mashtaka.

"Mama Dennis. Nimesikia."

"Umesikia nini, Bwana Silvanus?"

"Nimesikia unafunga ndoa." Akajipiga kifua. "Na mimi sijaletewa kadi. Mimi! Mtu wa Rombo, tumekunywa maji ya mlima mmoja! Nimekukosea nini?"

Nikasema kadi yake ndiyo kwanza inaandikwa. Akatoa mchango hapo hapo, mkubwa kuliko wa mtu yeyote wa hapa mjini, na kwa desturi anayechanga hivyo na ana cheo hupewa kiti. Ukimnyima, umetangaza uadui. Ndivyo adui wa kikundi chetu alivyokuwa mwenyekiti wa kamati yetu kabla hata chai haijapoa.

Na aliongoza vizuri, niseme ukweli. Aliunda kamati ndogo ya chakula, ya vinywaji, ya mapambo, ya usafiri. Hakukosa kikao hata kimoja. Hapo ndipo penye balaa, kwa sababu kwa wiki mbili tulikaa na kukaa na hatukuweza kutamka neno ng'ombe. Mtu akilisogelea tu, mwenyekiti anagonga meza. "Tusitoke nje ya ajenda. Keki." Keki tuliijadili vikao vitatu. Alitaka ya ghorofa tano. Huko nje vijana wanahesabu siku, sisi tunapigia kura rangi ya sukari.

Baada ya kikao cha tatu cha keki Antonia alibaki akinisaidia kukunja vitenge. "Huyu mtu hatoki," alisema. "Tutaongea lini? Kuna mahali gani duniani mwanaume haingii?"

Tukatazamana, na tukasema kwa pamoja: kicheni pati.

Mwenyekiti alilipokea wazo kwa furaha. Akapanga kicheni pati iwe Jumamosi tarehe tano, mnada upite Jumatatu, harusi Jumamosi inayofuata. Akauliza wageni wa upande wangu wanatoka wapi.

"Endulen."

"Wewe Mmachame, una ndugu Endulen?"

"Wateja wangu ndio ndugu zangu, Mwenyekiti."

Alilielewa hilo haraka, maana naye ni wa mlima, biashara iko damuni. Akaandika barua ya kuonyesha getini, Fuso mbili, wanawake thelathini na wawili, kutoka asubuhi na kurudi jioni. Kisha akafungua droo, akatoa muhuri, akapiga. Muhuri wenyewe! Nilioungoja miezi kumi na minne, ukapigwa huku mwenye nao akiuliza kama kuku watakuwa wa kienyeji.

"Na nina zawadi," aliongeza. "MC atakuwa mke wangu, Flaviana. Bure kabisa."

Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. MC wa bure hakataliwi. Lakini MC hatoki ukumbini, na huyu akirudi nyumbani anarudi kwa Silvanus.

Ikafika Jumamosi. Ukumbi ulipambwa, sakafu nzima imetandikwa kapeti la majani ya plastiki, wazo la kamati ndogo ya mapambo. Wanawake wote wamevaa sare, kitenge cha rangi ya chungwa kutoka dukani kwangu. Mimi nimekalishwa mkekani, nimefunikwa kanga kichwani kama msichana wa miaka ishirini, magoti yanalia. Mlangoni, upande wa nje, amekaa Bwana Silvanus mwenyewe kwa shati la chungwa, akilinda mwanaume asiingie. Alimfukuza hata mwenye ukumbi aliyekuja kusoma mita ya umeme.

Fuso ziliingia saa nne. Nalotuesha alishuka na shanga zake juu ya kitenge, akaenda kukaa kulia mwisho kabisa. Antonia alikuwa kushoto mwisho kabisa. Katikati tukabaki mimi na Flaviana, naye Flaviana ana maikrofoni.

"Akina mama, sasa ni muda wa kumfunda bibi harusi!" alisema. "Nani anafungua?"

Kila mtu aliitazama ile maikrofoni na aliyeishika. Nani angetaja ng'ombe mbele ya mke wa Silvanus? Nikaona chini ya kanga yangu kwamba tumeshindwa. Ukumbi upo, pilau lipo, wanawake sitini na wanne wapo, na tutakula, tutacheza, tutaagana, na Jumatatu vijana watakatana. Machozi yalinitoka. Flaviana akasema, "Mnaona bibi harusi anavyoona haya!"

Ndipo Antonia aliponyanyuka. Alikuja hadi mbele, akaichukua maikrofoni, akaniinamia.

"Mwanangu," alisema. Ananizidi miaka mitatu. "Mwanangu, unaingia kwenye ndoa, sikiliza. Ukifuga ng'ombe, wachunge. Usiwaache wakaingia shamba la jirani, wakala ekari moja na nusu, mahindi makavu, ada ya shule ya wajukuu wa watu."

"Maneno hayo!" alisema Flaviana. "Vigelegele!"

Vilipigwa, kushoto tu.

Nalotuesha alisimama bila haraka. Akaipokea maikrofoni bila kumtazama aliyempa.

"Mwanangu. Mimi Kiswahili changu ni cha mnadani, lakini utanisikia. Mume akikupa shamba, na ng'ombe ya jirani ikaingia, ni kiangazi, ina njaa, ng'ombe haijasoma haijui mpaka. Fukuza. Piga hata fimbo. Usifunge siku nne. Ng'ombe iko na mimba, unaipa maji kama unapa kuku?"

Vigelegele kulia.

"Mwanangu," Antonia akaichukua tena, "na jirani huyo ng'ombe wake wakifungwa, aje mwenyewe kwa miguu yake aombe. Asikae kimya halafu atume vijana."

"Mwanangu, jirani hakutuma mtu. Jirani alikuwa hospitali, analala chini ya kitanda, mtoto ya binti yake anaumwa. Amerudi siku ya tano, amekuta ngozi."

Shingo yangu ilikuwa inauma kwa kugeuka kushoto na kulia, lakini hapo niliacha kugeuka. Hatukuwa tunajua. Hakuna mtu upande wetu aliyekuwa anajua.

"Mwanangu," alisema Antonia, na sauti imeshuka, "kwa nini huyo jirani hakupiga simu?"

"Amepiga, mwanangu. Amepiga mara kumi na sita. Huyo mwenye shamba amefungia namba yake."

Mimi, chini ya kanga, nilimtazama Flaviana. Flaviana amefundisha shule ya msingi miaka ishirini na miwili, darasa likipeana vikaratasi chini ya dawati yeye anajua hata ni dawati lipi. Alimtazama Antonia, akamtazama Nalotuesha, akanitazama mimi. Kisha akatembea moja kwa moja kuelekea mlangoni. Nikajua anakwenda kumwita mumewe, nikaanza kumwomba Mungu kwa Kimachame.

Alipofika mlangoni akaishika spika kubwa, akaigeuza itazame nje, akaongeza sauti ya muziki mpaka vioo vikatikisika. Akarudi, akaizima maikrofoni.

"Endeleeni," alisema. "Mwenyekiti anapenda sana muziki."

Basi tukaendelea, sasa bila mwanangu. Yalitoka yote, ya mwezi wa sita na ya miaka ya nyuma, na mengine ambayo hayakuhusu ng'ombe wala mahindi. Antonia alilia, na mimi Antonia sikumwona akilia hata kwenye msiba wa mama yake. Kufika saa nane walikuwa wamekubaliana. Ukingoni mwa shamba la Antonia utaachwa upenyo wa ng'ombe kwenda majini hadi mvua zije, na vijana wa pande zote mbili ndio watakaouzungushia miiba. Nalotuesha ataleta mtamba akae kwa Antonia, maziwa ni ya wajukuu wa Antonia, ndama wa kwanza atarudi kwa Nalotuesha. Kila mama atazungumza na wanawe kabla ya Jumatatu, na asiyesikia atakosa chakula mpaka asikie.

Nalotuesha akasema bado kitu kimoja. Kwao ukimwomba mtu amani unamshikia nyasi. Alitazama huku na huku, kote ni saruji na plastiki. Akainama, akang'oa kishungi cha kapeti, akakishika mkononi mbele ya Antonia.

"Mungu atajua nimekusudia gani," alisema.

Antonia alikipokea kwa mikono miwili. Walikumbatiana, na sisi wengine tukapiga vigelegele, mara hii ukumbi mzima. Lile tundu kwenye kapeti Flaviana alimweleza mwenye ukumbi kwamba lilikuwepo tangu mwanzo.

Jumatatu mnadani walifika vijana, kama walivyoapa, na sisi tukafika wote sitini na wanne katika sare zetu za chungwa. Hatukusema kitu. Tulizagaa tu, kwenye mbuzi, kwenye mitumba, kwenye nyama choma. Antonia na Nalotuesha walikaa benchi moja wakila mbavu kwenye sahani moja, mahali ambapo hata kipofu angewaona. Isaya wa Antonia alikuja na wenzake ishirini upande huu, Moloimet wa Nalotuesha na wenzake upande ule, na kati yao kila walipogeuka kuna mgongo wa chungwa. Kwa nyuma mtu hajui yupi ni mama yake. Isaya alimshika mmoja bega, "Mama, toka hapo," na aliyegeuka alikuwa bibi wa Kimasai mwenye masikio ya shanga.

"Toka wewe kwanza," alimwambia. "Na ufunge shati."

Isaya alifunga shati. Baadaye wakanunua mbuzi, wakarudi makwao. Wiki ile ile nilimwona yeye na Moloimet wakikata miiba ya upenyo. Walikuwa hawaongei, lakini walikuwa wanakata.

Nikarudi nyumbani nikamwambia Melkizedek kazi imekwisha. "Nitasema naumwa, tuahirishe harusi. Haina haja tena."

Kwa mara ya kwanza aliishusha darubini. "Suti nimeshalipia."

"Utavaa Krismasi."

Akasema, akitazama vidole vyake, "Mama Dennis, mimi miaka yote sikuogopa ndoa. Niliogopa kamati. Nisimame mbele ya watu, mimi dereva wa watalii, nianze kuomba michango? Watu wangeniona nimefulia, sina kitu. Sasa wameshachanga wenyewe, sikuomba hata mmoja. Chance kama hii tunaiachaje?"

Sijawahi kusikia posa mbovu namna ile, na nilifurahi mpaka nikashikilia nguzo ya baraza. Jumamosi mchungaji alipomwuliza, alijibu ndiyo kabla swali halijaisha, ikabidi lirudiwe. Mwenyekiti wa kamati alilia kwenye hotuba yake. Keki ilikuwa ya ghorofa tano.

Wiki iliyofuata Bwana Silvanus aliniita ofisini. Hakuwa tena mtu wa nyumbani, alikuwa mtu wa ofisi, na barua iko mezani. Akanisomea mwenyewe. Ofisi imefanya uchunguzi, imejiridhisha kwamba katika mnada wa tarehe saba hali ilikuwa shwari na wakulima na wafugaji walichangamana kwa furaha. Kwa kuwa hakuna mgogoro wowote, kikundi cha Jirani Mwema hakina kazi ya kufanya. Ombi limekataliwa. Muhuri.

"Umeona, Mama Dennis?" alisema kwa upole. "Amani ipo yenyewe."

Nilitaka kumwambia yenyewe ilikaa mkekani magoti yakiuma, yenyewe ilitoka Endulen kwa Fuso, na mkewe ndiye aliyeifungulia muziki. Nilihesabu hadi kumi. Nilifikiria wale wa vijiji vya chini ambao wameanza kutishana kwenye kisima, na akina mama wa Ololosokwan waliopiga simu juzi kuulizia bei ya kitenge cha chungwa. Nikaikunja barua nikaitia mkobani, na mkono ulipotoka ulitoka na kadi yenye utepe wa dhahabu.

"Sasa tuache mambo ya kazi," nilisema. "Antonia na mzee wake Tluway wameamua kubariki ndoa. Miaka thelathini na mitatu walikuwa wanajipanga. Kicheni pati ni mwezi ujao, na kamati haina mwenyekiti."

Bwana Silvanus aliigeuza kadi huku na huku. Uso wake wa ofisi ukayeyuka, akafungua droo kutafuta kalamu.

"Mke wangu hawezi kuikosa hii," alisema. "Niandike dabo."